Mkaidi Aliyepiga Hodi

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzetu mliofika kumsindikiza marehemu baba yetu, yapo maelezo yanayotakiwa kutangulia, kuhusu neno moja lililochapishwa chini ya picha yake katika ratiba mliyonayo mikononi. Neno hilo ni Mkaidi. Juzi, familia ilipoketi kupanga maziko, shangazi yetu aliomba liondolewe. Alisema si neno la kumwekea mtu aliyelala kimya mbele za watu. Wengi tulikubaliana naye. Baba mkubwa, ambaye ndiye kaka mkubwa wa marehemu na ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kulikataa, aliinua mkono akasema: "Liandikeni. Mkiliondoa, watu watauliza tumemzika nani." Kwa hiyo limeandikwa. Wasifu huu utaeleza marehemu alilipataje, jinsi lilivyomtenga na kaka yake kwa zaidi ya miaka ishirini, na jinsi yeye mwenyewe alivyolielewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mlinzi wa ghala hilo na mkewe. Baba yake alivaa kiunoni mkanda wenye funguo nyingi, na kila asubuhi akirudi kazini aliuning'iniza kwenye msumari ulio juu ya kitanda. Bibi yetu alizoea kusema kwamba watoto wake wengine aliwabembeleza kwa nyimbo, ila huyu alinyamaza pale tu funguo zilipogongana. Kwa kuwa babu alifanya kazi usiku na kulala mchana, mkuu wa nyumba saa za mchana alikuwa mtoto wa kwanza, aliyemzidi marehemu kwa miaka minne. Kaka huyo alimfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu, kuendesha baiskeli, na kutii. Mambo mawili ya kwanza yaliingia haraka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule ya msingi iliyopakana na soko. Akiwa darasa la nne, mwalimu alimwagiza aondoke kwenye dawati la dirishani, amwachie mwanafunzi mgeni, yeye akakae upande wa ukutani. Marehemu aliondoka dirishani. Ukutani alifika, lakini hakukaa.

"Kaa," mwalimu alimwambia.

"Nimeshahama, Mwalimu."

"Nimesema ukae."

"Nasikia vizuri nikisimama."

Alisoma wiki ile nzima akiwa wima, daftari mkononi. Hakununa wala hakujibu vibaya. Wiki iliyofuata mwalimu aliandika ubaoni maneno mapya ya Kiswahili na kuagiza kila mmoja atunge sentensi kwa neno "mkaidi". Darasa zima liligeuka kumtazama. Mwanafunzi wa kwanza kunyoosha mkono alisoma sentensi yenye jina la marehemu, na mwalimu, baada ya kufikiri kidogo, alimpa alama ya vema. Kaka yake, aliyekuwa darasa la nane, alifikisha habari nyumbani kabla hajatua begi: "Mama, mwanao leo amekuwa sentensi."

Marehemu alimaliza darasa la nane mwaka 1967, na mwaka 1970 akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alisomea ufundi wa vyuma kwa miaka miwili. Huko ndiko alikopenda makufuli na vitasa, na huko alipata desturi aliyoishika hadi mwisho wa maisha yake. Mwalimu wake wa karakana aliwaambia wanafunzi kwamba mlango wa mtu haufanani na chuma kingine kinachofungwa kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani: fundi apige hodi kwanza, hata kama mwenye nyumba amesimama kando yake. Wenzake walicheka, wakasahau. Marehemu hakusahau. Wateja wengi mliopo hapa mtakumbuka.

"Hodi."

"Fundi, ndani hamna mtu. Mwenye nyumba ndiye mimi."

"Basi nikaribishe."

"Haya, karibu."

Hapo ndipo alipofungua mfuko wa vifaa. Kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kuchonga wala kubeba ule ufunguo unaofungua kila mlango, ambao mafundi wana jina lake lisilosomeka mbele ya wazee.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika karakana ya shirika la nyumba za wafanyakazi. Aliyemtafutia kazi hiyo ni kaka yake, aliyekuwa karani katika shirika hilo, na ambaye mwaka 1981 alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa nyumba. Tangu siku hiyo marehemu alimwita "Bwana Msimamizi" ndani ya geti, na "Kaka" mara walipolivuka. Walirudi nyumbani pamoja kila jioni, wakichukuana kwa zamu kwenye baiskeli moja. Waliowafahamu wakati huo wanasema haikuwa rahisi kumwona mmoja bila mwenzake.

Tarehe 17 Februari 1986 Bwana Msimamizi alipokea agizo kutoka juu: chumba kimoja cha ghorofa ya pili kiwe wazi kabla ya jioni, kwa kuwa kimepata mtu mwingine. Aliyekuwa akiishi humo alikuwa mkunga, aliyepewa ruhusa kazini kwenda kumuuguza mama yake. Marehemu aliitwa kufungua. Koridoni, kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, na majirani walikuwa wakipika kwenye majiko ya mafuta ya taa nje ya milango yao. Alipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika. Akaokota mfuko wake.

"Unakwenda wapi?" Bwana Msimamizi aliuliza.

"Sijakaribishwa."

"Mimi nakukaribisha."

"Kaka, wewe uko nje pamoja nami."

Majirani walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Baba mkubwa mwenyewe ametoa ruhusa jambo hili lisomwe: kwamba pasingekuwa na watu, pengine angemwambia mdogo wake aende akanywe chai, yaishe. Lakini watu walikuwepo, na alikuwa ameitwa "Kaka" ndani ya geti.

"Hii ni amri. Fungua."

"Amri nimeisikia."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Kusikia nimesikia. Kufungua ndiyo siwezi. Mwenyewe yu hai, na ufunguo anao."

"Huwezi, au hutaki?"

Marehemu aliutazama mlango. "Sitaki," alisema.

Mlango ulivunjwa alasiri hiyo kwa nondo, na vyombo vya mkunga vikapangwa koridoni. Marehemu hakuwahi kudai kwamba aliokoa kitu. Kesho yake asubuhi, mbele ya karakana nzima, alitangaziwa kwamba ameachishwa kazi, na sababu iliyotamkwa ilikuwa neno moja: ukaidi. Aliyelitamka alikuwa kaka yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Marehemu alirudisha tupa za shirika, moja baada ya nyingine, akapeana mikono na wenzake, akaondoka kwa miguu. Baiskeli aliiacha imeegemezwa getini, imsubiri kaka yake.

Kuanzia hapo ndugu hawa wawili hawakusalimiana. Bibi yetu alijaribu kila njia. Alipika, akawaita wote siku moja. Alikuja mmoja, na mwingine akaja wiki iliyofuata kula kiporo cha maneno. Alifariki mwaka 1994 bila kuwaona wameketi meza moja. Siku ya kumzika walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na koleo lilitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine likipitia mkononi mwa mtu wa tatu.

Katikati ya mwaka ule wa 1986 marehemu alifungua kibanda chake kando ya duka la vifaa vya shule, akiwa na jiliwa moja na tupa za kuazima. Mchora mabango alipomuuliza aandike nini, marehemu alimjibu, "Andika Mkaidi."

"Mkaidi peke yake, au Mkaidi na Wanawe?"

"Wanangu hawajazaliwa."

"Basi nitaacha nafasi."

Nafasi hiyo ilibaki tupu juu ya kibanda kwa miaka mingi, na wapita njia walidhani rangi imefutika. Mteja wake wa kwanza alikuwa mkunga yule, aliyekuwa amepata chumba mtaa wa pili. Alimfungia kitasa kipya, baada ya kukaribishwa. Mama huyo yupo nasi leo, na familia inamshukuru kwa kufika.

Mwaka 1988 aliletewa kazi na mshonaji mmoja ambaye droo ya cherehani yake ilikwama na mkasi ukiwa ndani. Droo ilifunguka siku hiyohiyo. Marehemu, hata hivyo, alirudi mara kadhaa kuhakikisha kwamba bado inafunguka. Alipokwenda kuposa, shangazi wa mshonaji, ambaye alifahamika kwa kutopindisha maneno, alimkabili mbele ya wazee.

"Tumesikia huko mtaani wanakuita Mkaidi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na huoni haya?"

"Jina nilipewa, Shangazi. Ningelikataa ndiyo ningekuwa mkaidi zaidi."

Wazee walicheka na posa ikapokelewa. Lakini lazima isemwe pia kwamba baba yake alikuwa ameshafariki, na kaka mkubwa, aliyepaswa kumsemea, hakufika. Marehemu alijisemea mwenyewe. Kiti kilichoandaliwa kando yake kilibaki wazi hadi shughuli ilipokwisha, na kila mtu alipotaka kukiondoa ili kupanua nafasi, marehemu aliomba kiachwe. Ndoa ilifungwa tarehe 3 Desemba 1988. Walijaliwa mabinti wawili.

Mabinti hao walipofika shule nao walikutana na neno lile, safari hii kama utani wa watoto wenzao. Mmoja wao alirudi nyumbani akalia kidogo, kisha akaenda kibandani kumuuliza baba yake mkaidi ni mtu wa namna gani.

"Umemuuliza mwalimu?"

"Amesema ni mtu asiyetii."

"Hajakosea." Akafunga kufuli kwenye jiliwa, akampa ufunguo. "Jaribu."

Haukuzunguka. Akampa mwingine. Nao haukuzunguka.

"Kufuli hili ni kaidi au tiifu?"

"Kaidi."

Akatoa ufunguo wa tatu mfukoni mwa shati. Ulizunguka kwa vidole viwili tu. "Na sasa?"

Mtoto aliuzungusha tena, na tena. Marehemu aliendelea kupiga tupa, kisha akasema kwamba watu huyachanganya maneno haya. Mbishi hukataa kwa mdomo, halafu hufanya. Mjeuri hukataa ili aonekane. Mwasi anakitaka kiti cha mkubwa. Mkaidi hana anachotaka kwa mkubwa. Yeye ameshamwahidi mtu mwingine.

"Na mume anayeitwa chakula kikapoa?" mama yetu aliuliza kutoka nje, ambako alikuwa amesimama na sufuria.

"Huyo anakuja," alisema marehemu, na akaja.

Tarehe 11 Oktoba 2009, siku ya Jumapili, mama mkubwa, mke wa kaka yake, alipiga simu kibandani. Mumewe alikuwa ameteleza bafuni na kuanguka, akilia kwamba mguu umevunjika, na mlango alikuwa ameufunga kwa ndani. Vijana wa nyumba walitaka kuupiga kwa mabega. Mama mkubwa aliwazuia, kwa sababu mlango ule hufungukia ndani, na sauti ya mumewe ilikuwa ikitokea chini kabisa, karibu na kizingiti. Marehemu alifika na mfuko wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia katika nyumba ile. Alipiga magoti mbele ya mlango wa bafu.

"Hodi."

Akagonga tena kwa kifundo cha kidole.

"Hodi, Kaka."

"Nani?"

"Mkaidi."

Ulisikika mguno, kisha sauti ya baba mkubwa:

"Si ufungue basi."

"Hujanikaribisha."

"Shemeji," mama mkubwa alisema, "mtu amevunjika mguu, wewe unadai karibu?"

Marehemu aliinamisha sikio mlangoni. Alibaki amepiga magoti, mkono mmoja juu ya mfuko uliofungwa.

"Karibu," ilisema sauti ya ndani. Kisha, baada ya kupumua: "Karibu, mdogo wangu."

"Ahsante. Sasa sogea kidogo, kichwa kitoke mlangoni. Polepole. Nitasubiri."

Kitasa kilifunguka kabla mtu hajaona alichokitumia. Mlango ulisukumwa taratibu, na marehemu akaingia kwa ubavu, akamkuta kaka yake amelala sakafuni, mguu wa kulia umepinda pasipostahili. Kabla ya siku hiyo hawakuwa wamezungumza tangu mwaka ule wa 1986. Baba mkubwa alimtazama kutoka chini.

"Nilikuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Uliniambia."

"Sasa hili guu la nani?"

"La mkuu," alisema marehemu.

Walicheka wote wawili, mmoja akilia kwa maumivu, hadi gari la wagonjwa lilipofika. Hospitalini, siku chache baadaye, waliulizana mambo mawili tu kuhusu yaliyopita. Baba mkubwa aliuliza, "Mlango ule wa mkunga, ungeufungua leo?" Marehemu akajibu kwamba hapana. Naye akauliza, "Na wewe, Kaka, ungenifukuza leo?" Baba mkubwa alifikiri, akasema, "Ningekufukuza. Ila ningekutafuta jioni." Wakanywa chai.

Kwa miaka zaidi ya kumi na tano iliyofuata, wateja walimkuta mzee mwenye fimbo ameketi kwenye stuli kibandani, akitoa amri. "Hiyo tupa ishike vizuri." "Nimesikia, Kaka." Na tupa iliendelea kushikwa vilevile. Mwaka 2018 binti wa pili alipohitimu chuo cha ufundi, mchora mabango aliitwa tena, sasa akiwa mzee wa miwani, akajaza nafasi aliyoiacha. Bango linasomeka "Mkaidi na Binti". Rangi ya maneno mawili ya mwisho ni mpya kuliko ya lile la kwanza, na marehemu hakutaka zifananishwe.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na kikohozi. Daktari alipoeleza kwamba kikohozi hicho ni kaidi, marehemu alimwambia, "Basi kimejua nyumba ya kufikia." Vipimo vilionyesha ugonjwa wa mapafu. Katika matibabu yake yote alimeza kila dawa kwa saa yake, akaacha kila alichokatazwa, akapumzika kila alipoambiwa, hata muuguzi mmoja akawauliza mabinti zake, "Huyu mzee mnamwita Mkaidi kwa lipi?" Aprili mwaka 2025 alirudishwa nyumbani. Aliomba jambo moja: mlango wa chumba chake usifungwe, mchana wala usiku. Mtu aliyeishi kwa kufuli alitaka kulala wazi. Mama yetu alipomuuliza haogopi wezi, alisema, "Wataiba nini? Kikohozi?"

Mlango ulikuwa wazi, lakini baba mkubwa, ambaye alikuja kila siku kwa fimbo yake, hakuuvuka hivihivi. Alisimama kizingitini na kupiga hodi, na kusubiri. Asubuhi ya tarehe 6 Mei 2025 alisimama pale kama kawaida.

"Hodi."

Sauti ya marehemu ilikuwa imekwisha. Mama yetu alimwonyesha baba mkubwa kwa ishara kwamba aingie tu. Hakuingia. Alisimama ameegemea fimbo, macho kitandani.

"Hodi, mdogo wangu."

Marehemu alitoa mkono chini ya shuka, akainua vidole viwili. Ndipo baba mkubwa alipoingia, akaketi, akaushika mkono huo. Marehemu alifariki asubuhi hiyo, mkono wake ukiwa bado umeshikwa, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wa mtaa waliofunga vibanda vyao leo bila kuombwa.

Marehemu ameacha mjane, mshonaji, ambaye droo ya cherehani yake bado inafunguka, mabinti wawili, wa kwanza mwalimu wa shule ya msingi, na wa pili, fundi makufuli, ambaye ndiye amesoma mbele yenu, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada wawili, shemeji yake aliyepiga simu ile, na kaka yake mkubwa, aliyeketi mstari wa mbele, kando ya kiti kimoja ambacho ameomba kiachwe wazi.

Hakuwahi kuingia kwa mtu bila hodi, na hata sasa tunaamini amesimama nje na mfuko wake, hana haraka, anasubiri sauti ya mwenye nyumba. Mwenyezi Mungu amwitikie karibu, na ndani humo apumzike kwa amani.